Theluthi ya Sekunde na Waraka Usiotaja Kipimo

Usiku wa Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki liliangukia kambi ya jeshi la Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulidungua haukufyatua chochote. Chombo cha ukaguzi cha Bunge la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 1992, kilibaini kuwa chanzo kilikuwa saa ya kompyuta ya mtambo huo.

Kompyuta hiyo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika hesabu ya sifuri na moja, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Nafasi iliyotengwa ilikuwa biti 24 tu, hivyo mabaki yalikatwa. Kosa lilikuwa dogo mno, lakini liliongezeka kadiri mtambo ulivyokaa bila kuzimwa. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100, na saa yake ilikuwa imepotoka kwa takribani sekunde 0.34. Katika muda huo Scud huruka zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo.

Hata hivyo, anayeishia kwenye hesabu ameisoma nusu tu ya historia hii. Tatizo lilikuwa limekwisha kujulikana. Februari 11, Waisraeli waliwaonyesha Wamarekani kwamba eneo ambalo rada ya mtambo ilitafuta kombora lilihama kwa asilimia 20 baada ya saa 8 za kazi mfululizo. Februari 16, programu iliyorekebishwa ilitolewa. Februari 21, watumiaji walitumiwa ujumbe wa tahadhari kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kungeweza kuleta kasoro. Muda mrefu sana ni upi? Ujumbe haukusema. Maofisa waliamini kuwa hakuna kikosi ambacho kingeuwasha kwa muda wa kuleta madhara.

Tiba ya muda ilikuwa kuuzima mtambo na kuuwasha upya, kazi ya dakika moja au moja na nusu, ili saa ianze tena kuhesabu toka sifuri. Programu mpya iliwasili Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo.

Watumishi wa umma wanaufahamu vyema mtindo wa ujumbe ule. Nyaraka zetu zimejaa "haraka iwezekanavyo", "kwa wakati muafaka" na "mara kwa mara". Maneno hayo humlinda aliyeandika, kwa kuwa ataweza kusema kwamba alitahadharisha. Mzigo wote humwangukia aliye kituoni, asiyekuwa na takwimu alizonazo mwandishi. Waraka unaotaja saa 8 unaweza kutekelezwa, na aliyeupuuza akaulizwa. Unaotaja "muda mrefu sana" hauwezi kutekelezwa wala kuvunjwa. Tunapodai uwajibikaji serikalini, basi, tuanze kwa kudai kwamba kila agizo litaje kipimo chake.