Robert Bolt: Mtunzi Aliyetia Saini

Mwandishi wa Uingereza Robert Bolt anakumbukwa zaidi kwa tamthilia yake A Man for All Seasons, inayomhusu mtu aliyekataa kuapa. Mwaka mmoja tu baada ya tamthilia hiyo kupanda jukwaani, mtunzi mwenyewe aliwekewa karatasi mbele yake ili aitie saini. Insha hii inahusu karatasi hiyo na kazi zilizoizunguka.

Bolt alizaliwa mwaka 1924 mjini Sale, karibu na Manchester. Alisoma historia chuo kikuu, akawa mwalimu, huku akiandika michezo ya redio ya BBC. Tamthilia yake Flowering Cherry ilipovuma London mwaka 1957, aliacha chaki.

Mwaka 1960 ikaja A Man for All Seasons. Thomas More, Chansela wa Mfalme Henry wa Nane, anatakiwa kuapa kukubali ndoa mpya ya mfalme na mamlaka yake juu ya Kanisa. More hapigi kelele wala hahubiri. Ananyamaza, na hataki kuapa. Mwaka 1535 alikatwa kichwa. Kando yake Bolt ameweka mhusika asiye na jina, Mtu wa Kawaida, anayesimulia na kubadilisha mavazi: mara mtumishi wa nyumba, mara mpiga makasia, mara askari wa gereza, na mwishowe mkata kichwa. Hana chuki na mtu. Anataka tu kuishi. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyesukwa vizuri kuliko wote, maana akina More tunawasikia, lakini yeye tunaishi naye.

Septemba 1961 Bolt alikuwa katika Kamati ya Watu 100, iliyopinga silaha za nyuklia pamoja na mwanafalsafa Bertrand Russell. Mahakama iliwataka waahidi kutovunja amani. Wao walikataa, na Bolt akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Lakini wakati huo alikuwa bado anaandika filamu ya Lawrence of Arabia. Mtayarishaji wake, Sam Spiegel, alimsihi: kazi imesimama, na watu wengi wanaitegemea. Baada ya wiki mbili hivi Bolt alitia saini, akatoka. Aliijutia saini hiyo kwa miaka mingi.

Ni rahisi kuisoma tamthilia kama ungamo la mtunzi, ila tarehe zinakataa: More aliandikwa kabla ya jela. Kinachoweza kuulizwa ni kuhusu filamu ya mwaka 1966, ambayo Bolt aliiandika mwenyewe na kupata Oscar yake ya pili (ya kwanza ilikuwa ya Doctor Zhivago). Humo Mtu wa Kawaida ameondolewa kabisa. Bila shaka sababu kubwa ni ya kifundi, kwa kuwa kamera haivumilii mtu mmoja kubadilisha kofia mbele ya watazamaji. Hata hivyo, More wa filamu amebaki peke yake na ushujaa wake, na mtu anayetaka tu kuishi hana tena wa kumsemea.

Lawrence of Arabia yenyewe ilipata Oscar saba mwaka 1963. Mswada wa kwanza ulikuwa wa Michael Wilson, Mmarekani aliyekataa kuwajibu wabunge waliomhoji kuhusu ukomunisti, akanyimwa kazi Hollywood. Filamu ilipotoka, jina lililoandikwa lilikuwa la Bolt tu. Wilson alirejeshewa haki yake mwaka 1995, akiwa ameshafariki.

Mwaka 1979 Bolt alipatwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kuzungumza, akalazimika kujifunza upya. Aliendelea kuandika. The Mission, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1986, inawahusu mapadri wa Amerika ya Kusini walioamriwa kuwaacha Wahindi Wekundu mikononi mwa Wareno. Mmoja anashika silaha, mwingine anatembea na Ekaristi Takatifu kuelekea kwenye risasi. Wote wawili wanauawa, na filamu haisemi ni nani aliyekuwa sahihi.