Muhamadi Kijuma: mwandishi wa hati aliyeinusuru fasihi ya Lamu

Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, maarufu kwa jina la Kijuma au Kijumwa, alizaliwa Lamu, katika pwani ya Kenya, takriban mwaka 1855, na kufariki dunia mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na, zaidi ya yote, bingwa wa kunakili tenzi kwa hati ya Kiarabu.

Kazi hiyo ilihitaji jicho la msanii na sikio la mshairi. Utenzi una ubeti wa vipande vinne vyenye mizani nane nane, na mnakili hupaswa kuvipanga ili msomaji asipoteze vina. Aidha, hati ya Kiarabu ina irabu tatu tu, ilhali Kiswahili kina tano. Katika miswada mingi ya kale, alama moja hubeba i na e, na herufi ya b husimama pia badala ya p. Asiyeijua lugha hawezi kuusoma ubeti kwa usahihi, sembuse kuunakili.

Wataalamu wa Ulaya walimtegemea sana, wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, aliyefanya naye kazi Lamu mwaka 1936. Waliagiza nakala, naye aliandika kwa malipo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mkono wake imo London na Ujerumani, mbali na jamii iliyoizaa. Ni hasara, ingawa bila maagizo hayo huenda baadhi ya tungo zisingefika karne hii.

Mwanafunzi wa Kagerankanda, mkoani Kigoma, azungumzaye Kiha nyumbani, anapokutana na habari za Fumo Liyongo darasani, anakutana pia na Kijuma: utenzi wa shujaa huyo wa mwaka 1913 unanasibishwa naye. Profesa M. M. Mulokozi aliuhariri katika *Tenzi Tatu za Kale*, kilichochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1999.

Kwa upande wa Tanzania, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inahifadhi miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo katalogi yake, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Sehemu ya miswada hiyo ilitoka katika nyumba za watu binafsi, ambako karatasi hukabiliwa na unyevu na mchwa.