Reli Alijenga Mwingereza, Lakini Jarida Chukua la Mjerumani

Wasee, kuna hobi moja hapa Nairobi hatuiongelei sana: treni za modeli. Si toi za mtoto. Hawa ni watu wazima wanaojenga stesheni nzima juu ya meza, na milima yake na taa zake, halafu treni inapita katikati, kila kitu kimepunguzwa kwa hesabu. Hobi yenyewe imelelewa na majarida kwa karibu miaka mia moja. Sasa binamu yangu anaishi Ujerumani na anataka kujenga Nairobi ya enzi za mvuke. Akaniuliza: anunue jarida gani?

Jibu la haraka ni la Uingereza. Reli ilijengwa na Waingereza, na Kiingereza tunakielewa. Mimi nasema hapana, na sababu iko kwa historia.

Tuanze Liverpool. Frank Hornby, aliyeuza vyuma vya kujengea vya Meccano, alianzisha Meccano Magazine mwaka 1916. Lilikuwa jarida, lakini pia lilikuwa tangazo: ukisoma, unataka kununua. Mwaka 1925 ikaja Model Railway News, hukohuko Uingereza. Marekani, Al Kalmbach alianza Model Railroader mwaka 1934 pale Milwaukee. Baada ya vita, Miba ilizaliwa Nuremberg mwaka 1948, mji wa toi tangu zamani, na mwaka uliofuata Waingereza wakapata Railway Modeller.

Ona kitu hapa. Kila jarida lilikua pamoja na viwanda vya kwao. Matangazo ni ya kwao, ramani ni za kwao, na skeli ni ya kwao. Kwa hivyo ukinunua jarida, umenunua pia vipimo vya nchi fulani.

Na vipimo havifanani. Marekani na bara Ulaya wengi hutumia HO, yaani kitu kimepunguzwa mara 87. Waingereza walikwama, kwa sababu treni zao halisi ni nyembamba kuliko za wenzao, na mota za zamani zilikataa kuingia ndani ya modeli ndogo hivyo. Wakafanya nini? Wakakuza mwili wa treni hadi mara 76, lakini reli wakaiacha vilevile, milimita 16.5. Hiyo ndiyo OO. Piga hesabu: 16.5 mara 76.2 ni kama milimita 1,257. Reli halisi ya Uingereza ni 1,435. Manze, miaka yote hiyo treni zao za OO zinatembea kwa reli iliyobana, na wamezoea tu!

Sasa turudi kwetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Upana wake ni mita moja kamili, kama reli nyingi za India ya wakati huo, na India ndiko vifaa vingi na wafanyakazi wengi walikotoka. Kwa hivyo ukichukua HO na kugawanya milimita 1,000 kwa 87, unapata 11.5. Kwa modeli, reli ya milimita 12 inakaribia kabisa. Inaitwa HOm.

Nani anashughulika na HOm? Si Waingereza sana. Ni Waswisi na Wajerumani, kwa sababu reli ya milimani ya Rhätische Bahn kule Uswisi ni ya mita moja kama yetu. Kampuni ya Bemo ya Ujerumani imejijengea jina kwa modeli zake. Hapo ndipo majarida ya Kijerumani yanapokuwa na mambo unayohitaji: reli, kona na magurudumu ya upana wako.

Utaniambia ni milimita tu, nani ataona? Skia. Ukiweka treni yetu ya zamani kwa reli ya kawaida ya HO, ile ya 16.5, zidisha kwa 87. Unapata 1,435. Huo ni upana wa SGR! Umejenga Nairobi ya 1950s kisha ukaiwekea reli ya 2017, na mtoto atakayeiangalia ataamini. Sisi tuliokua wakati SGR inajengwa tunahitaji mtu atuonyeshe ile reli ya kwanza ilivyokuwa kweli.

Sijasema Waingereza hawana maana. Zile Garratt kubwa za class 59 zilijengwa na Beyer Peacock kule Manchester, 34 kwa jumla, miaka ya 1955 na 1956. Moja, Mount Gelai, iko kwa makumbusho ya reli hapa Nairobi, nenda uione. Kwa picha na historia za mashine kama hizo, soma Kiingereza. Na Kijerumani kikikushinda, kuna Continental Modeller, ya Kiingereza, inayoandika kuhusu reli za nje ya Uingereza.

Kwa wasee wa majuu, ushauri wangu ni huu. Usilipie mwaka mzima kabla ya kununua kopi moja. Fungua kwanza kurasa za matangazo: kama hakuna anayeuza upana wako, rudisha kwa rafu. Kisha tafuta michoro yenye namba, kwa sababu namba hazihitaji mkalimani. Mwisho, uliza bei ya posta. Kama ni kali, chukua toleo la kidijitali.

Lugha ya jarida unaweza kuitafsiri kwa simu. Reli ya upana usio wako itabidi uing'oe yote.