Mbono wa Bondeni, Msambu wa Ukungu

Basi la Lushoto likisimama Mombo, abiria hushuka kununua maji kabla ya kupanda mlima. Hapa chini jua linachoma. Huko juu kuna ukungu. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na mali ya milimani ikapata njia ya kwenda pwani. Historia ninayoifikiria leo si ya mkonge wala mbao. Ni ya mimea miwili ya mafuta, mmoja wa joto na mwingine wa ukungu.

Wa joto ni mbono, mgeni kutoka Amerika. Watu waliupanda kuwa ua na kuzungushia makaburi, ndiyo maana unaitwa mbono kaburi. Mbuzi hawauli, na ukame hauuui kwa urahisi. Bei ya petroli ilipopanda katikati ya miaka ya 2000, wawekezaji walipiga hesabu: mmea unaoishi kwenye ardhi kavu utatoa dizeli kwenye ardhi kavu. Wakapewa maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa. Kufikia mwisho wa 2011, miradi yote miwili ilikuwa imesimama na wanavijiji wamebaki wakiulizia ardhi yao. Mtikisiko wa fedha wa 2008 ulichangia, lakini hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro. Mbono usipopata maji hauzai sana. Kuishi ni jambo moja, kuzaa ni jambo lingine.

Wa ukungu ni msambu, mwenyeji wa misitu ya Tao la Mashariki. Unaupata Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera. Mwaka 1895 Mjerumani Adolf Engler aliuita Stearodendron, yaani mti wa shahamu, kwa kuwa mafuta yake huganda hata kwenye joto la kawaida la chumba. Wenyeji walikuwa wakiyajua mafuta hayo bila jina la Kigiriki. Kuanzia 2002 kampuni ya Unilever na washirika wake walianza kujenga soko la mbegu zake, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukayaruhusu mafuta hayo kwenye vyakula.

Lakini msambu hauna haraka. Mbegu huweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuota. Mti huanza kuzaa baada ya takriban miaka kumi, na hapo ndipo unagundua kama ulipanda jike au dume, dume hazai. Wataalamu wamepunguza kamari hiyo kwa kubebesha vikonyo vya miti jike. Msituni, panya buku ndio wanaobeba mbegu na kuzifukia mbali na mti mama.

Ustahimilivu wa mbono umo katika shina lake. Wa msambu umo katika jirani zake: kivuli, unyevu, panya. Ukikata msitu, umeukata hata kama umeuacha umesimama. Joto likizidi, utahitaji kupanda juu zaidi, na kila mlima una kilele.

Mkulima anayepanda msambu leo anaupandia hali ya hewa ya miaka kumi ijayo na zaidi. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa 1997, ni sehemu ya jibu kwake. Sehemu nyingine ni bei ya mbegu: ikiwa ndogo kuliko bei ya ubao, mti hautafika huko.