Nani Alifika Kileleni?

Mpendwa mwanafunzi, ukiulizwa katika mtihani ni nani aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kilimanjaro, bila shaka utaandika jina la Hans Meyer, Mjerumani, na tarehe 6 Oktoba 1889. Jibu hilo litapewa alama zake. Hata hivyo, leo ninakuomba tulichunguze pamoja, kwa maana mimi na walimu wenzangu watatu tuliupanda mlima huo ili kuchangisha fedha za madawati, na tangu niliposhuka sijaweza kulisoma jibu hilo kama nilivyolisoma zamani.

Tuanze na historia yenyewe. Meyer hakufanikiwa mara ya kwanza. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, lakini wakatekwa wakati wa vita vya Abushiri, wakaachiliwa baada ya kulipiwa fidia. Katika safari ya tatu, mwaka 1889, alifuatana na mpanda milima hodari kutoka Austria, Ludwig Purtscheller, na safari hii alibadili mpango. Alikuwa ametambua kwamba anayepanda mlima mrefu hushindwa na njaa kabla hajashindwa na mwinuko. Kwa hiyo aliweka kambi kwa hatua, moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu, katika himaya ya Mangi Marealle, wakipeleka chakula. Katika kambi ya juu alibaki mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani, akipika na kutunza moto katika baridi ambayo hakuizoea hata kidogo kwao pwani.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kreta, wakarudi wakiwa hoi. Siku tatu baadaye walipanda tena, na ndipo walipokifikia kilele. Sasa jiulize: kama pasingekuwa na kambi ya kurudia, moto wa kuota na chakula cha kula, je, kungekuwa na jaribio la pili?

Wenyeji wa Marangu nao wana kumbukumbu yao. Humtaja mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyeiongoza safari ile, naye alienziwa mwaka 1989 katika maadhimisho ya miaka 100 ya kupandwa kwa mlima. Fikiri basi: karne nzima ilipita kabla jina lake halijasikika mbali na kwao.

Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Jina hilo liliondoka pamoja na ukoloni. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya mlima, na tangu hapo kilele hicho chenye mita 5,895 kikaitwa Uhuru. Mlima uliokuwa alama ya kutawaliwa ukawa alama ya kujitawala.

Katika miaka ya karibuni mlima umepata kazi nyingine, nayo ni hisani. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa upandaji wa kila mwaka ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mwaka 2009 watu mashuhuri 9 kutoka Uingereza walipanda na kuchangisha mamilioni ya pauni kwa ajili ya vita dhidi ya malaria. Utaratibu ni rahisi: wewe unapanda, na wanaokufahamu wanaahidi kutoa fedha ukifika.

Nasi ndivyo tulivyofanya. Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi alfajiri, tulipanda kilima cha Wanale kilicho juu ya mji wetu wa Mbale, tukiwa na mabegi yaliyojaa chupa za maji na vitabu, ili miguu na viatu vizoeane. Mwezi mmoja kabla ya safari tulipanda Wagagai, kilele cha Mlima Elgon chenye mita 4,321. Tulijifunza kutembea polepole, kwa kuwa kileleni Kilimanjaro oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani, na mwenye haraka huko hurudishwa na kichwa kinachouma.

Tulianzia Marangu. Usiku wa kwanza tulilala Mandara, wa pili Horombo, mita 3,720. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Jioni nilimkuta kijana aliyekuwa amebeba begi langu ameketi nyuma ya kibanda, hali wenzetu walikuwa wanakula. Alisimama akaniamkia, “Shikamoo, mwalimu.” Nikaitikia, nikamuuliza kama ameshakula. Akatabasamu kwa haya. “Safari ikiwa ya bei ya chini, mwalimu, sisi hula mara moja kwa siku.”

Bei ya chini! Ni sisi tulioiomba bei hiyo. Tulikuwa tumembana wakala wetu kwa wiki mbili ili zibaki fedha nyingi zaidi za madawati, na tulijisifu kwa kuokoa. Hatukuuliza punguzo lile lingetoka katika sahani ya nani.

Usiku ule tuligawana akiba yetu ya chakula na wapagazi wote 11, na tulipomaliza safari tuliwalipa kile tulichokuwa tumekikata. Sote wanne tulifika Uhuru kulipopambazuka, mmoja wetu akishikwa mkono na msaidizi wa kiongozi saa nzima ya mwisho. Madawati yaliyonunuliwa yalikuwa 32 badala ya 40, nasi tuliwaeleza wachangiaji wetu sababu bila kuificha.

Yapo mambo ambayo raia mwema anapaswa kuyajua kabla ya kupanda. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Tangu mwaka 2003 upo pia mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaofuatilia ujira wao, chakula chao na mavazi yao ya baridi. Muulize wakala wako maswali hayo matatu kabla hujamwuliza bei.

Tuagane na neno moja la lugha. “Mpagazi” linatokana na kitenzi “kupagaa”, yaani kubeba mzigo begani, na ndilo neno la misafara ya kale kutoka bara hadi pwani. Siku hizi wapagazi wa Kilimanjaro hujiita “wagumu”, nao husalimiana hivyo wanapopishana njiani na mizigo kichwani.

Kazi ya nyumbani: chagua tukio moja maarufu katika historia ya wilaya yenu, kisha umuulize mzee mmoja ni nani waliobeba mizigo siku hiyo. Andika majina yao.