Kioo cha Volkano na Mgogoro wa Koobi Fora

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, msaka visukuku katika kundi la Richard Leakey, aliona vipande vya mifupa vikichomoza ardhini Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Vilipounganishwa vikawa fuvu KNM-ER 1470. Lilikuwa chini ya tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS, ambalo wanasayansi Fitch na Miller, kwa kupima gesi ya agoni, walikuwa wamelikadiria kuwa na miaka milioni 2.6. Fuvu likatangazwa kuwa na takriban miaka milioni 2.9, umri wa kushangaza kwa kiumbe mwenye ubongo mkubwa vile.

Nguruwe wakakataa. Meno ya nguruwe wa kale waliokuwa chini ya KBS, kama mtaalamu wa visukuku Basil Cooke alivyoonyesha, yalifanana na ya wale wa Bonde la Omo, Ethiopia, walioishi miaka kama milioni 2 tu iliyopita. Mwaka 1975 mwanasayansi Garniss Curtis na wenzake wakapata umri mdogo zaidi wa KBS, na ubishi ukapamba moto.

Ndipo wanajiolojia Thure Cerling na Frank Brown walipogeukia kioo. Magma inayorushwa angani hupoa ghafla, haipati nafasi ya kuganda kuwa fuwele, na chembe zake hubaki kioo kinachohifadhi kemia ya mlipuko ule. Mito ya Turkana ilibeba majivu hayo na kuyachanganya na mchanga wa zamani. Ukipima udongo mzima, unapima na mchanga. Ni mchanganyiko wa namna hiyo hiyo unaoweza kulizeesha tabaka katika vipimo vya agoni. Kwa hiyo majivu huoshwa, kioo kikatengwa na madini mengine, kisha kikapimwa. Sodiamu na potasiamu haziaminiki sana, kwa kuwa maji ya ardhini huweza kuziondoa; chuma, kalsiamu, titani na manganizi ndio mashahidi wazuri. Siku hizi mwale mwembamba wa elektroni hupima chembe moja moja, na chembe ya mlipuko mwingine iliyojipenyeza huonekana mara moja.

Mwaka 1979 Cerling na Brown walichapisha jibu: kioo cha KBS na cha tabaka H2 la Omo kina kemia moja, hivyo ni majivu ya mlipuko mmoja. Nguruwe walikuwa sahihi. Baadaye mwanajiolojia Ian McDougall alithibitisha umri wa takriban miaka milioni 1.88. Historia ya mgogoro huu husimuliwa mno kama ugomvi wa wakubwa. Kwangu mimi, ushindi wenyewe ulipatikana kwenye chembe zile.

Kwa mbinu hiyo hiyo, mwaka 1982 Brown alionyesha kwamba tabaka la Tulu Bor la Turkana ndilo Sidi Hakoma la Hadar, Ethiopia, alikopatikana Lucy, kiumbe maarufu wa kale wa ukoo wa binadamu, mamia ya kilomita kaskazini. Miaka mitatu baadaye majivu hayo yakatambuliwa katika matope ya sakafu ya Ghuba ya Aden.

Huko Kibish, Omo, majivu yaliyofunika mabaki ya binadamu aitwaye Omo I yalikuwa laini mno kupimwa umri moja kwa moja. Mwaka 2022 Céline Vidal na wenzake walilinganisha kioo chake na mashapo ya volkano ya Shala, ambako fuwele ni kubwa za kutosha kupimwa. Vikalingana. Mlipuko ule ulitokea takriban miaka 233,000 iliyopita, na Omo I, aliyelala chini ya majivu yake, ni mkongwe zaidi ya hapo.