Ugali Mweupe wa Baba

Siku Baba alipoambiwa apunguze ugali, alirudi nyumbani Kayole kama mtu aliyefutwa kazi. Sukari kwenye chai alikuwa ameiacha miaka miwili, bila kulalamika. Soda pia. Keki za harusi alitusukumia sisi. Lakini ugali? "Mimi ni mtu wa Kakamega," akamwambia Mama. "Huyo daktari anataka nile nini, nyasi?" Kisha akaongeza kwamba ugali mweupe ndio chakula cha babu zetu, na babu zetu hawakuugua kisukari.

Sikumjibu, maana nilihisi nusu ya hayo ni kweli. Nilichofanya ni kumpigia kukhu, mama yake, simu.

Kukhu alicheka sana. Akasema alipokuwa msichana, ugali wa kumpa mgeni wa heshima ulikuwa wa wimbi, mweusi tii, na wimbi lenyewe lilisagwa kwenye jiwe hadi mabega yakauma. Mahindi yalikuwepo, ndiyo, lakini mengi yalichomwa ama kuchemshwa. Ule unga mweupe laini uliletwa na wanaume waliofanya kazi reli na mashambani kwa wazungu. "Huyo baba yako," akasema, "nilimlea kwa uji wa wimbi. Amesahau?"

Jina lenyewe linafichua mambo. Mahindi, yaani kitu cha Uhindi. Kumbe hata Uhindi si kwao. Mmea huu ulitoka Amerika, ukafika pwani yetu enzi za Wareno, miaka ya 1500, na kwa muda mrefu bara halikuushughulikia sana. Magharibi mwa Kenya watu walisonga wimbi na mtama. Neno obusuma halitaji mahindi popote.

Sasa, weupe umetoka wapi? Hapa ndipo nilipokaa usiku mzima nikisoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walileta aina za mahindi meupe, mojawapo ikiitwa Hickory King, iliyotoka Marekani kupitia Afrika Kusini. Soko waliloliwinda lilikuwa London, na London viwanda vya wanga vililipa vizuri zaidi kwa mahindi meupe. Ya njano na ya rangirangi yakashushwa hadhi. Yaani rangi ya chakula ambacho Baba anakitetea kama urithi ilichaguliwa kwa sehemu kubwa na wenye viwanda ambao hawakuwahi kusonga sima maishani.

Yasiyosafirishwa yalilishwa vibarua. Posho, kabla haijawa jina la mashine ya kusaga, ilikuwa mgao wa siku wa mfanyakazi. Kisha ikaja vita ya 1914. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Carrier Corps, wale waliotuachia jina la Kariokor, pale unaponunua viondo. Chakula chao kikuu kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka, na matumbo yaliyozoea wimbi au ndizi yaliteseka. Wengi walikufa kwa kuhara. Waliorudi walikuwa wameshauzoea.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1942, katikati ya vita nyingine, serikali ya kikoloni ilishika soko lote la mahindi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya 611, na wakulima wadogo wakaipokea kwa kasi. Mjini, viwanda vikubwa vilikoboa punje, vikaondoa pumba na kiini, vikabakisha wanga mtupu kwenye pakiti. Unga huo ulifidiwa bei na serikali. Ruzuku ilipoondolewa mwaka 1993, watu wengi wa Nairobi walirudi kwenye mashine za posho mtaani, kwa unga mzito wenye pumba. Mama anaukumbuka wakati ule kama wakati wa dhiki. Alipopata pesa kidogo, alirudi kwa pakiti. Nani angemlaumu? Weupe ulikuwa maendeleo.

Ile nusu ya kweli, basi. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alianza kazi Kenya mwaka 1929, baadaye akahamia Mulago, Kampala. Alishangaa jinsi kisukari kilivyokuwa adimu kwa Waafrika aliowatibu, na mwaka 1975 akaandika kwamba tatizo huenda ni zile nyuzinyuzi zinazotupwa nafaka inapokobolewa. Mimi simwamini moja kwa moja. Waliopimwa walikuwa wachache, na wengi waliougua walifia nyumbani bila jina la ugonjwa. Isitoshe, watu walilima na kutembea siku nzima. Baba huketi nyuma ya usukani wa matatu tangu saa kumi na moja alfajiri.

Lakini kosa la Baba la kuacha sukari na kubaki na mlima wa ugali si lake peke yake. Hata madaktari waliamini kwa miaka mingi kwamba wanga huingia kwenye damu polepole kuliko sukari. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake, Toronto, walichapisha vipimo vya vyakula na sukari 62, na ikaonekana kwamba mkate unaweza kupandisha sukari ya damu kuliko hata sukari ya mezani. Wanga ni mnyororo wa glukosi. Mate yanaanza kuukata ukiwa bado mdomoni. Ukisagwa laini na kuvuliwa pumba, hauna cha kuuchelewesha.

Nilimsomea Baba haya yote kwa fahari ya mtoto aliyesoma. Makosa yangu. Alikasirika, akaacha ugali kabisa, akala sukuma peke yake siku mbili huku akiendelea kumeza vidonge vyake kama kawaida. Usiku wa pili Mama aliniamsha. Baba alikuwa anatetemeka, fulana imelowa jasho, anaongea maneno yasiyoshikana. Kipimo kikasoma 2.9. Tulimnywesha maji yenye vijiko vitatu vya sukari, ile ile aliyoiacha miaka miwili, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa inatetemeka zaidi. Kliniki walitueleza vizuri siku iliyofuata: vidonge vya aina ile huisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Walipunguza dozi, wakamwambia ale wanga kidogo kila mlo, asiruke.

Kukhu alituma wimbi na mtama kwa basi. Nilidhani tumeshinda. Asubuhi Baba akanywa vikombe viwili vya uji wa wimbi, mwepesi na laini, kwa mkate, na kipimo kikaruka hadi 15. Manze, nilivunjika moyo. Nafaka ya mababu ni wanga pia.

Siku hizi ana daftari la shule, la mistari. Saa mbili baada ya kula anapima na kuandika. Ugali mweupe wa kujaza sahani: 17. Ugali wa wimbi na mtama, wa ukubwa wa ngumi, na maharagwe na mboga nyingi: 11. Ugali mweupe wa ngumi hiyo hiyo: 12, na hapo alinitazama kama aliyeshinda kesi. Hivi majuzi nilimwambia kwamba wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hugeuka na kuwa mgumu kuyeyushwa tumboni. Hakusema kitu. Jana, kabla ya kwenda kazini, nilimsikia jikoni akifunua sufuria moja baada ya nyingine, akimuuliza Mama kiporo kiko wapi.